Kabla ya kuuliza biashara imehamia wapi, uliza mzigo ni wa nani

Kijana anayeanza kazi ya biashara jijini Dar es Salaam huambiwa mapema kwamba mambo yote sasa ni mtandaoni, naye hujifunza kupiga picha za bidhaa kabla hajajua fedha iliyonunua bidhaa hizo imetoka kwa nani. Ninakushauri uanze na hilo la pili. Unapoelezwa kwamba biashara fulani imebadilika, tazama mtaji uliolala kwenye mzigo ni wa nani, na nani hulipwa kabla ya mwenzake. Hayo mawili yakibadilika, biashara imekuwa nyingine hata kama kibao cha mlangoni ni kilekile.

Nenda Kariakoo ukamtazame winga. Mwenye fremu, yaani chumba cha duka, amelipa kodi ya miezi kadhaa mbele, amenunua mzigo, na sasa anasubiri mteja. Winga hana fremu wala mzigo: huweka WhatsApp au Instagram picha za bidhaa za duka la mwingine, hupokea fedha ya mteja kwa simu, ndipo huingia dukani kuchukua mali na kuikabidhi kwa bodaboda. Wapo wanaombeza kuwa ni dalali tu, lakini kwa maoni yangu anauza kitu ambacho mwenye duka hana nafasi nacho, yaani kumjua mteja wa Mbagala au Tegeta na kuaminiwa naye. Udhaifu wake ni kwamba hana mamlaka juu ya bei ya jumla wala ubora, na mwenye duka akifungua ukurasa wake mwenyewe, faida ya winga hupungua. Ukifanya kazi na mawinga, kubalianeni kwa maandishi nani atabeba hasara bidhaa ikirudishwa, kwa maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Usidhani kwamba kuuza mali ya mwingine ni jambo la vijana wa simu. Mali kauli, yaani kuchukua mzigo wa mwingine na kumlipa baada ya kuuza, ni ya zamani, na supamaketi nayo huendeshwa kwa namna hiyohiyo: mteja hulipa taslimu leo, msambazaji hulipwa baada ya wiki au miezi. Nakumatt ya Kenya, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilielemewa na madeni ya wasambazaji, na kufikia 2017 rafu zake zilikuwa zikibaki tupu.

Katika sekta nyingine, LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, ilimgeuza mteja wa umeme kutoka mdaiwa kuwa mlipaji wa mapema. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, ilienea bila kujenga matawi kwa kuwa wakala ndiye anayeweka mtaji wake wa floti, yaani fedha ya kuhudumia wateja wanaoweka na kutoa.

Kwenye usafiri, soma sheria pamoja na hesabu. Mwezi Aprili 2022 Uber ilisitisha huduma zake Tanzania baada ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa kwenye nauli ya dereva, ikarejea mwaka 2023. Kampuni ya namna hiyo inaweza kuzima programu na kuondoka, kwa sababu gari, mafuta na marejesho ya mkopo, kama upo, ni vya dereva au mwenye gari.