Thadi meni si pa kumficha mtu

Kwenye timu nyingi za mtaani hapa Mwanza, nahodha wa kriketi akipanga watu wake uwanjani huanza na anaowaamini: kipa, na wale wa nafasi za karibu na mpigaji kama slipu, pointi, kava. Anayebaki mwishoni, asiyejua kudaka au aliyekuja na ndala, huambiwa, "Wewe nenda thadi meni." Nimeicheza nafasi hiyo miaka mingi na sasa nawaelekeza vijana wa shule jioni. Kwa maoni yangu, pale anatakiwa mtu mwenye mbio na mkono mzuri wa kurusha.

Tangu vijana wetu wa chini ya miaka 19 wafuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia, wageni wa mchezo wameongezeka, kwa hiyo nianzie mwanzo. Mpigaji wa mkono wa kulia akijiweka tayari, kifua chake kinatazama upande uitwao ofu, na mgongoni kwake ndiko legi. Thadi meni yuko nyuma ya kipa (anayesimama nyuma ya mpigaji), upande wa ofu, mbali karibu na mpaka wa uwanja. Mbele yake wapo slipu na gali, wanaovizia mpira uliokwaruza ukingo wa gongo (la kuchezea, si lile la kunywa). Ukiwapita hao, ni wako. Watangazaji wengi siku hizi wanasema "thadi" tu, kwa kuwa wanawake nao wanacheza, na mabinti ninaowafundisha hawataki kabisa kusikia "meni".

Kwetu nafasi hii ina moto zaidi kwa sababu ya ardhi. Viwanja vingi ni vikavu, nyasi za kuhesabu, changarawe tele. Mpira wa ngozi una uzito wa kama gramu 156 hadi 163, na ukiguswa kidogo tu na ukingo unaendelea na kasi karibu ile ile aliyoutuma nayo mrushaji. Hakuna wa kuuzuia hadi mpakani, na hapo ni mikimbio minne, yaani alama nne, za bure. Wanaochezea mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ndio kabisa: mara nyingi unadondoka kabla haujamfikia slipu, kisha unateleza zake nyuma. Mimi kwenye mechi za namna hiyo namwondoa slipu bila huruma na kumrudisha nyuma kabisa.

Usimame wapi hasa? Mtazame mrushaji. Akiwa wa kasi, ukingo hupeleka mpira karibu na mstari wa kipa, basi sogea huko. Akiwa wa polepole, mpigaji huusukumia pembeni kwa makusudi, basi jongea kuelekea pointi, aliye ubavuni mwa mpigaji upande wa ofu. Katika mechi za ova 20 (kila ova ni mipira sita), ova sita za mwanzo zinaruhusu wachezaji wawili tu nje ya duara lililochorwa uwanjani, hivyo nahodha anaweza kukuingiza ndani, mita 27 hivi kutoka wiketi (vijiti anavyolinda mpigaji). Hiyo ni thadi meni fupi, na kazi yake ni kuzuia mkimbio mmoja mmoja na kudaka.

Mrushaji akianza kukimbia, nawe tembea kuelekea mbele. Usisimame umefunga mikono kama unasubiri daladala. Mpira ukija, piga goti moja chini, mguu uwe nyuma ya mikono, maana changarawe zetu huurusha mpira dakika ya mwisho. Kisha tupa kwa kipa, udunde mara moja na kumfikia juu ya wiketi. Kwenye mkimbio wa pili mpigaji anarudi upande wa kipa, na huko ndiko karibu nawe. Mwenzako aliye mbele upande wa legi akirusha kwa kipa, kimbia uwe nyuma ya kipa. Mpira ukimpita unakuja njia yako.

Panapowachanganya wengi ni anapoingia mpigaji wa mkono wa kushoto. Ofu na legi zinabadilishana pande. Wewe hujapiga hatua hata moja, lakini sasa ni faini legi, yaani mlinzi wa nyuma upande wa legi. Hapa nahodha awe macho. Sheria inakataza wachezaji zaidi ya wawili, mbali na kipa, kuwa nyuma ya mstari wa mpigaji upande wa legi mpira unaporushwa. Ilikuja mwaka 1957, na tangu hapo haiwezekani tena kufanya kama ilivyokuwa mwaka 1932 na 1933, Waingereza chini ya nahodha Douglas Jardine walipowajaza watu upande huo huku Harold Larwood akiwatupia Waaustralia mipira ya mwilini. Kwa hiyo ukibaki pale, na slipu na gali nao wamesahau kuhama, mnakuwa watatu. Refa anaita no-boli, yaani mrusho usio halali, mkimbio unatolewa bure, na kwenye mechi za ova 20 mpira unaofuata mpigaji anajipigia bila woga mkubwa wa kutolewa.

Na jua. Njia zetu nyingi za kurushia mpira zimelazwa pale ambapo mawe yaliacha nafasi, bila kujali kaskazini wala kusini. Saa kumi na moja jioni, thadi meni wa upande mmoja analitazama jua uso kwa uso likishuka ziwani. Vaa kofia yenye ukingo, simama pembeni kidogo ya mstari wa jua, na mwambie nahodha mapema kwamba huoni, kabla mpira haujakupita.