Ndugu yako mgonjwa wa akili ana kesi ya unyang'anyi? Usisubiri siku ya adhabu

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, kaka yake yuko mahabusu kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na anaumwa akili toka sekondari, anauliza siku ya adhabu wakimwomba hakimu amhurumie si atapunguziwa? Dada yangu, hapo mtakuwa mmechelewa.

Mdogo wangu alimtishia mtu panga stendi mchana kweupe akachukua simu, halafu hata hakukimbia, kasimama palepale anajibizana na sauti anazozisikia mwenyewe. Watu wakampiga nusu wamuue. Ukoo ukasema bangi, wengine mashetani, na kuna wajomba mpaka leo nikiwaona roho inaniuma. Dhamana hakuna, kosa lile halina dhamana. Wakili wa kwanza akatuambia tulieni, ugonjwa tutautaja mwishoni tukiomba apunguziwe adhabu. Nikakataa. Mimi sio mwanasheria lakini nilisoma, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 287A kinasema kifungo kisichopungua miaka 30, sasa hakimu hata awe na huruma kiasi gani atashukaje chini ya hapo? Kwenye wizi wa kawaida anaweza kupima hali ya mtu akapunguza, hapa sheria imeshamkatia.

Tukabadilisha wakili, na huyu alisimama mapema kabla dogo hajaanza kujitetea, akaiambia mahakama kwamba siku ya tukio mshtakiwa hakuwa na akili timamu. Akapelekwa Isanga, Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi, kupimwa. Mama yangu, Mungu amtunze, alikuwa na kila kadi ya kliniki, kila karatasi ya dawa, kazifunga kwenye khanga. Najivunia yule mama kuliko wasomi wote wa ukoo wetu.

Na jamani kadi peke yake haitoshi! Sheria inamhesabu kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vingine, na wa kuthibitisha ni nyie. Ionekane kwamba saa ileile ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, au asijue hakupaswa kukifanya, au ashindwe kujizuia. Kwa hiyo mtafuteni mama ntilie, bodaboda, yeyote aliyemuona siku ile, asimulie alivyokuwa. Kama hamna hela ya wakili ulizieni msaada wa kisheria, sheria yake ipo toka 2017. Acheni aibu, mnaficha ugonjwa wa mtoto wenu ili majirani wasiseme halafu anaenda kula miaka 30!

Mahakama ilisema kitendo alikifanya ila hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili. Nyumbani hakuja siku ile, aliwekwa hospitali bila tarehe ya kutoka, taarifa zake zinaenda kwa waziri wa sheria. Kwa hiyo dada, nenda kamuone wakili wiki hii, mpe kadi zote, na muulize huyo wakili upande wa mashtaka umebakiza mashahidi wangapi, maana hoja ya ugonjwa isimame kabla kaka yako hajaanza kujitetea.