CD ya gari isikike vizuri: anza na kanda yenyewe

Magari mengi tunayoendesha hapa Malindi yalitumika Japani kwanza, na redio zake zilitengenezewa masafa ya huko. FM ya Kijapani kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu Kenya huanzia 88 na kupanda hadi 108. Mtu ananunua Probox, injini haina neno, lakini akishika njia ya Gede anapata stesheni moja au mbili tu zilizojibana pale mwanzo. Mafundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena cha kuyashusha masafa yetu, na kinasaidia kiasi chake. Wengine hung'oa redio nzima na kuweka mpya ya bei rahisi yenye taa nyingi.

Kabla hujaing'oa, itazame vizuri. Redio ile mara nyingi ina tundu la CD lililo zima kabisa, na CD ya muziki hubeba sauti isiyobanwa: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16, kushoto na kulia, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 ina chini ya moja ya kumi ya hiyo. Kipimo cha CD kiliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980 na hakijabadilika hadi leo, kwa hiyo CD utakayoichoma jioni hii nyumbani itasomeka kwenye gari lililotoka kiwandani miaka ishirini iliyopita. Kama gari lako lina tundu la flashi, tumia flashi kwa nyimbo za kupitisha njia. Mimi nazungumzia zile unazotaka kuzisikia.

Na kwangu mimi hizo ni za kanda. Nyumba nyingi za Malindi na Lamu bado zina masanduku ya kaseti chini ya vitanda: Juma Bhalo, mwana wa Malindi aliyetutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, aliyefariki 2016, kaswida za Maulidi, arusi zilizorekodiwa na jamaa aliyeketi karibu na spika. Baadhi zilinunuliwa Mbwana Radio Service kule Mombasa, baadhi hazikuuzwa popote na nakala yake ni hiyo moja tu. Unyevu wetu wa pwani unazila taratibu. Ukizihamisha leo unapata mambo mawili kwa kazi moja: muziki wa safari, na hifadhi ya kitu ambacho hakirudi.

Jambo ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: CD haiwezi kuwa bora kuliko ulichoipa. Watu huhangaika na programu ya kuchomea, aina ya CD, kasi ya kuchoma, halafu wanachochoma ni wimbo uliopakuliwa mtandaoni, ukabanwa, ukageuzwa, ukabanwa tena. Kuigeuza MP3 kuwa WAV, yaani faili isiyobanwa, hakurudishi kilichokatwa. Faili inakuwa kubwa, sauti inabaki ileile: matoazi yanafanya kama maji yanayochemka na fidla imekonda. Ukiwa na CD halisi ya dukani, inakili moja kwa moja kwa programu inayokagua makosa, kama Exact Audio Copy, nayo ni ya bure. Ukiwa na kanda, rudi kwenye kanda.

Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo ninapokuomba usiharakishe. Kwanza izungushe kanda hadi mwisho kwa mbio na uirudishe mwanzo kabla ya kuicheza, maana ikikaa miaka mingi tabaka zake hushikana. Ukiona utando mweupe wa ukungu kwenye ukingo wa utepe, usiiweke kwenye mashine kabla haijasafishwa, kwa sababu ukungu huo utahamia kwenye kanda zako zote. Safisha hedi ya mashine, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, subiri ikauke. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo tu.

Kisha kuna skurubu ndogo pembeni ya hedi, ile yenye springi. Skurubu hiyo huamua hedi inalalia utepe kwa pembe gani, na kanda iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine mara nyingi haikubaliani na pembe ya mashine yako. Matokeo yake ni sauti iliyofunikwa, kama mtu anaimba nyuma ya pazia. Cheza kanda, sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa, izungushe skurubu kidogo mno huku na huku mpaka nyuzi za udi zifunguke na ile "s" ya mwimbaji isikike wazi. Hakuna programu yoyote ya kompyuta itakayokupa baadaye ulichopata hapo kwa bisibisi. Na kama mashine ina swichi ya Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za kanda, iwashe tu ikiwa kanda ilirekodiwa kwa Dolby. Nyingi za nyumbani hazikurekodiwa hivyo, na ukiiwasha unaua sauti za juu zote.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la mashine. Usiuchomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, kwani hilo kwa kawaida ni la mono na hupokea sauti dhaifu tu, hivyo litaipasua. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kupokelea sauti ya mashine (line-in). Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja na urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo ule ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaozunguka kupitia waya wa chaja. Betri pia inakukinga na stima kukatika katikati ya upande wa pili, jambo ambalo sisi wa Malindi hatuhitaji kuelezwa.

Rekodi kwa Audacity, nayo haina malipo. Weka 44,100, na kiwango cha sauti ukiache chini kidogo: pale mwimbaji anapopaza mno, mshale ufike desibeli 6 kabla ya mwisho, usizidi. Sauti ndogo unaweza kuiongeza baadaye, sauti iliyopasuka haina dawa.

Programu itakushawishi uondoe mchuzo wote wa kanda, ile sauti ya "shhh" inayosikika nyuma ya muziki. Usikubali. Punguza kidogo, sikiliza mwisho wa kila mvuto wa upinde wa fidla na mtetemo wa mwisho wa udi. Ukiona unakatika ghafla, umezidisha, rudi nyuma. Barabarani upepo na matairi vitaumeza mchuzo, lakini uhai ulioutoa kwenye fidla hautarudi. Ninachokifanya bila wasiwasi ni kuzisawazisha nyimbo ziwe na ukubwa unaokaribiana, kwa sababu dereva hapaswi kushika kitufe cha sauti kila wimbo unapobadilika, hasa njia ya Kilifi usiku pikipiki zikiwa hazina taa.

Sasa muda. CD ya kawaida inachukua dakika 80. Kanda ya 60 inaingia yote, ya 90 haiingii, kwa hiyo igawe kwenye CD mbili. Usitupe wimbo ili tu itoshe. Watu huchanganyikiwa kuona CD imeandikwa MB 700 lakini inapokea dakika 80 za WAV ambazo ni zaidi ya MB 800. Si kosa. CD ya data hutenga sehemu ya nafasi yake kwa usahihishaji wa ziada wa makosa, CD ya muziki haitengi hiyo. Ndiyo maana ukwaruzo ambao faili ingeuvumilia unaweza kusikika kwenye wimbo.

Kuchoma kwenyewe ni rahisi. Ndani ya programu, iwe ImgBurn, CDBurnerXP au K3b ya Linux, chagua CD ya muziki, si CD ya data. Ukichagua data na kutia faili humo, redio ya zamani isiyo na alama ya MP3 usoni pake itaitema au itakaa kimya. Chagua kuchoma CD nzima kwa mkupuo mmoja, njia iliyoandikwa DAO, kisha ondoa ile pengo la sekunde mbili kati ya nyimbo. Kwa taarabu ya ukumbini, ambapo makofi ya wimbo huu yanaingia kwenye mwanzo wa ule, pengo hilo linakera. Hakikisha CD inafungwa (finalize) mwisho wa kazi. Isipofungwa, kompyuta yako itaisoma ila gari halitaisoma.

Kasi: nachoma kwa 16 au 8, yaani mara 16 au 8 ya kasi ya kusikiliza. Kwa 16 CD iliyojaa humaliza kama dakika tano, kwa 8 dakika kumi. Wapo wanaoamini kwamba polepole kabisa ndiyo bora, lakini CD za siku hizi zimeundwa kwa kasi kubwa, na kasi ya 1 au 2 haizifai. Ile ya 48 nayo inaweza kuacha makosa mengi ambayo lenzi iliyochoka ya gari haiwezi kuyavumilia.

Nunua CD-R, si CD-RW. Ile ya kufutika huakisi mwanga kidogo mno, na redio nyingi za gari hazioni kitu juu yake. Igeuze uitazame chini: yenye rangi hafifu ya dhahabu au kijani kinachokaribia kutoonekana kwa kawaida hutumia rangi ya fithalosianini, nayo huvumilia mwanga kuliko ile ya sianini yenye kijani cha samawati.

Kuvumilia mwanga ni jambo kubwa kwetu. Gari lililoegeshwa juani mbele ya soko saa saba mchana, dashibodi yake hupita nyuzi 60 bila shida. Joto na jua huibadilisha rangi ile ile iliyobeba muziki. Weka CD kwenye mfuko wa kitambaa chini ya kiti au ndani ya kisanduku cha dashibodi, upande wa giza; usiiegeshe kamwe kwenye kivuli cha jua cha dereva. Usibandike karatasi ya jina juu yake. Gundi hulainika kwa joto, karatasi hujikunja, na CD hunasa ndani ya tundu, hapo utamhitaji fundi. Andika kwa kalamu laini ya maki isiyokwaruza, wala si biro, kwa sababu upande wa juu ndio mwembamba: tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya vanishi ya upande huo.

Kila ninapochoma nachoma mbili, moja ya gari na moja ya kabati. Ile faili ya kwanza ya Audacity naihifadhi kwa FLAC, aina nyingine ya faili, kwenye diski ya nje. Huchukua kama nusu ya nafasi ya WAV na haipotezi kitu. Ya gari ikichoka baada ya misimu michache ya kaskazi, unachoma nyingine na kanda ya mzee haiguswi tena. Nakala hizi ziwe za nyumbani kwako. Wasanii wetu na familia zao hawajafaidika vya kutosha na kazi zao, na kuwachomea watu CD zao kwa biashara ni kuwaongezea hasara. Kinachouzwa kihalali, kinunue.

CD iliyokuwa ikicheza vizuri ikianza kurukaruka, usiitupe mara moja. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikiendelea, weka CD halisi ya dukani kwenye tundu lile lile. Nayo ikiruka, shida ni lenzi: hewa ya bahari yenye chumvi na vumbi la barabara za ndani huiwekea utando. Mpelekee fundi wa redio afungue na aipanguse kwa pamba na spiriti, akiwa na mkono mwepesi.