Kuchagua Ruta kwa Nyumba Inayotegemea Sola

Sisi tunaoishi mbali na nyaya za umeme huku Kajiado huhesabu taa, televisheni na friji kabla ya kununua betri, lakini ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, huisahau kwa sababu ni ndogo. Taa huzimwa watu wanapolala, ilhali ruta hubaki inawaka usiku na mchana. Ruta ya wati 8 humaliza wati-saa 192 kwa siku (wati 8 mara saa 24); betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, na anayetaka idumu hatumii zaidi ya nusu yake, kwa hiyo karibu theluthi moja ya akiba hiyo huliwa na ruta peke yake.

Hata hivyo, mlaji mkubwa zaidi mara nyingi ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyaya. Nyingi hutumia wati kadhaa hata zisipobeba mzigo wowote, na kuiacha ikinguruma usiku kucha ili igeuze umeme wa betri kuwa volti 240, kisha adapta iurudishe kuwa volti 12, ni hasara ya pande zote mbili. Ndiyo maana mimi dukani husoma kwanza volti zinazohitajika, kabla ya kuuliza kasi. Ruta nyingi za nyumbani hutaka volti 12, nyingine 9, na zile ndogo hutosheka na 5 za USB. Kumbuka kwamba betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi kama volti 14.4, hivyo ruta isiyotaja kuwa inavumilia kiwango hicho iwekewe kigeuzi cha volti, pamoja na fyuzi. Ruta ya MikroTik hAP ac lite hupokea volti 10 hadi 28, na sifa kama hiyo naithamini kuliko antena nne za mapambo.

Maandishi ya adapta pia yasikutishe: volti 12 na ampea 1.5 ni uwezo wake wa juu, si matumizi ya kila saa. Kipimo kidogo cha wati kitakuonyesha ukweli.

Kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza huduma Kenya mwaka 2023, seti ya kawaida hutumia wati 75 hadi 100, na ile ndogo iitwayo Mini wati 25 hadi 40. Hata Mini, ikiachwa saa 24, humaliza nusu nzima ya betri niliyoitaja, kwa hiyo bila paneli za kutosha ni lazima izimwe usiku. Kwa familia ndogo iliyo karibu na mnara wa 4G, mifi (ruta ndogo ya mkononi inayotumia laini ya simu) ya wati chache hutosha, ila mawimbi yakiwa hafifu modemu yake hulazimika kurusha kwa nguvu zaidi na kula umeme zaidi. Hapo heri kununua ruta yenye tundu la antena ya nje, ukaifunga antena hiyo juu ya paa ikiuelekea mnara.