Taa wa maji baridi: uliza amezaliwa wapi kabla ya kuuliza bei

Sisi tuliokulia pwani tunamjua taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa mkavu sokoni au ndani ya mchuzi wa nazi. Mimi nilitoka Mombasa nikaajiriwa Dubai, kwenye ghala la samaki wa mapambo, kubeba maji na kuosha vichujio. Mwezi wa pili nikaona taa mweusi mwenye madoa meupe, mpana kama sahani, akiuzwa kwa pesa inayozidi mshahara wangu. Kwenye tangi la pili kulikuwa na taa wa kahawia, ukubwa uleule, na bei yake haikufika hata robo. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akinifundisha kazi: tofauti ni rangi tu? Akanijibu, "Rangi ni mwanzo. Kilichobaki ni karatasi."

Leo kazi yangu ni hizo karatasi: vibali, ankara, forodha. Kila mwaka wanakuja vijana wapya kutoka nyumbani, na wengi wanakosea palepale nilipokosea mimi. Nawaandikia ninyi.

Anzeni na ramani. Taa hawa ni wa Amerika Kusini, kwenye mito kama Amazon, Orinoco na Paraná, na wanaouzwa kwa wingi ni wa jenasi Potamotrygon. Yule mweusi ni Potamotrygon leopoldi. Kwa asili anaishi bonde la mto Xingu peke yake, na mto huo wote uko ndani ya Brazil. Potamotrygon henlei naye ni wa Tocantins na Araguaia, Brazil vilevile. Potamotrygon tigrina, yule wa mistari kama chui milia, ni wa Peru, upande wa Iquitos. Wa kahawia, Potamotrygon motoro, ametapakaa nchi kadhaa. Mtu asiyejua mito hii hawezi kusoma kibali, hata kama anajua Kiingereza na Kihispania vizuri kiasi gani.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipopandishwa kutoka kwenye matangi kwenda ofisini, mzigo wangu wa tatu ulikuwa taa sita weusi kutoka kwa muuzaji mpya. Bei ilikuwa nzuri mno. Hati zilisema wamevuliwa porini, nchi ya asili Colombia. Mimi niliangalia mihuri, tarehe na idadi, nikaona kila kitu kipo, nikaupitisha. Ofisa aliyepokea mzigo alitazama jina la samaki, akatazama jina la nchi, akaweka kalamu chini. Taa wa Xingu atavuliwaje porini Colombia? Mzigo ulizuiliwa. Wawili walikufa humohumo mifukoni, wanne wakachukuliwa, na pesa haikurudi. Miaka imepita, na bado naiona ile mifuko.

Njia ile ya kupitia Colombia ilikuwepo kwa sababu ya sheria, na hapa ndipo bei inapozaliwa. Kwa miaka mingi Brazil iliruhusu taa wake kutoka kwa mgao tu: spishi chache zilizotajwa kwa jina, idadi maalumu kwa mwaka, na mipaka ya ukubwa. Aliyekuwa nje ya orodha hakuwa na mlango wa halali. Lakini mpaka wa Brazil, Peru na Colombia uko pale Tabatinga ya Brazil na Leticia ya Colombia, miji inayoelekea kuwa mmoja kando ya mto, na samaki ndani ya ndoo hana pasipoti. Taa wa Brazil walivushwa kwa magendo, wakapewa uraia mpya, wakapanda ndege. Hivyo soko likawa na bei mbili kwa samaki mmoja, ya mwenye karatasi na ya asiye nazo, na wajinga kama mimi tukadhani ile ya pili ni bahati.

Mwaka 2017 Brazil iliwaingiza Potamotrygon wake wote kwenye Kiambatisho cha Tatu cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Colombia ikaingiza spishi kadhaa za kwake. Maana yake kazini: taa akitoka kwenye nchi iliyomworodhesha anahitaji kibali cha kusafirisha nje, na akitoka nchi nyingine anahitaji cheti cha asili. Kisha Novemba 2022, kwenye mkutano wa Panama, spishi saba za Brazil zikapandishwa Kiambatisho cha Pili, leopoldi na henlei wakiwemo. Utekelezaji ulianza Februari 2023. Tangu hapo kibali kinatakiwa popote samaki huyo anapotoka, hata kama amezaliwa kwenye tangi Thailand au Taiwan na babu yake hajauona mto. Mkataba wenyewe haudai kibali cha kuingiza kwa Kiambatisho cha Pili, ila nchi nyingi zinakidai kwa sheria zao. Uliza mamlaka ya nchi unayopokelea mzigo, usimuulize muuzaji.

Wageni wengi hunibishia hapo: kama wanazalishwa Asia, kwa nini bei haishuki kama ya gapi, yule samaki mdogo anayezaana haraka? Kwa sababu taa hazaani haraka hivyo. Jike hubeba mimba kwa miezi, huzaa watoto wachache walio hai, na anahitaji miaka na tangi kubwa kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Motoro ameshuka bei kwa kuwa wengi wanamzalisha na masharti yake ni mepesi zaidi. Leopoldi mwenye madoa safi, kutoka ukoo unaojulikana, bado ni mali.

Na ukoo huo sasa lazima uandikwe. Kwenye kibali tafuta herufi ya chanzo. W ni wa porini. C ni aliyezalishwa kwenye mabwawa au matangi kwa masharti kamili: wazazi walipatikana kihalali, na shamba limeonyesha linaweza kufika kizazi cha pili. F ni aliyezaliwa kwenye tangi lakini masharti hayo hayajatimia, na aghlabu ni mtoto wa wazazi waliovuliwa porini. Samaki wawili ndugu kwa sura, mmoja ana C mwingine F, hawana bei moja, kwa sababu nchi nyingine zitamkataa wa F au zitamchunguza kwa wiki kadhaa. Mfugaji asiyetunza daftari la wazazi amejipunguzia bei mwenyewe, hata samaki wake wang'ae vipi.

Hesabu pia ijulikane. Huu ni mfano, si bei ya soko. Taa 10 kwa dola 150 ni dola 1,500. Ndege dola 600, vibali na ukaguzi dola 200. Jumla 2,300, yaani dola 230 kwa kila mmoja. Kibali kikichelewa uwanjani nawe ukapoteza wawili, waliobaki wamekugharimu dola 287 na nusu kila mmoja kabla hujanunua chakula wala kulipa umeme. Kibali chenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Kuchelewa kwake ndiko kunakoua, kwa sababu taa akikaa mfukoni anajitilia sumu kwa amonia, taka ya mwili wake mwenyewe. Thibitisha karatasi zote kabla samaki hajafungwa. Mwiba wa mkia uvalishwe kipande cha mpira, na asilishwe kabla ya safari.

Kuna jambo linaloninyima amani. Barcelos, Brazil, kwenye mto Rio Negro, familia nyingi zimeishi kwa kuvua samaki wa mapambo, na wapo taa wadogo wa huko, Potamotrygon wallacei, ambao nao wamo kwenye zile spishi saba za Kiambatisho cha Pili. Mvuvi hupata sehemu ndogo sana ya bei unayoiona dukani. Wakati huohuo taa huuawa au kukatwa mikia karibu na fukwe za watalii kwa hofu ya mwiba, na kwenye Xingu bwawa la Belo Monte limebadilisha mto wenyewe. Mimi naamini sheria za kusafirisha nje zinahitajika, kwa sababu mnyama azaaye polepole hivi hawezi kustahimili soko lisilo na breki. Ila mvuvi aliyefungiwa mlango wa halali bila mgao wa haki atamsikiliza mtu wa magendo, na hapo samaki na mvuvi wote wamepoteza.

Barua yangu ya kwanza kwa muuzaji mpya ina maswali manne: jina kamili la kisayansi, herufi ya chanzo, wazazi walipatikana vipi na lini, na nakala ya kibali kabla ya malipo. Bei siiulizi. Wengine hujibu siku hiyohiyo na picha za daftari la shamba. Wengine hunitumia video ya samaki akiogelea, na hao siwaandikii tena.