Mitambo ya mafuta kugeuzwa makazi ya samaki: jibu kwa mleta uzi

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Wamarekani wanazamisha mitambo chakavu ya mafuta ili samaki wapate makazi, au ni janja ya kampuni kukwepa gharama. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mimi ni mtu wa Dodoma, bahari naiona kwa safari tu. Ila nimevua bwawa la Mtera miaka mingi, na anayeijua Mtera anaijua ile miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lijengwe kuweka akiba ya maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Pitisha mkono kwenye kisiki chini ya maji, utagusa utelezi wa kijani. Huo ndio ugali wa perege. Ndoano ukiishusha ubavuni mwa kisiki unapata kitoweo, mita chache pembeni kwenye tope unakesha bure. Wavu nao ukinasa pale, unaupandisha una matundu ya kupita kichwa cha mtu. Ndiyo maana wenye makokoro wanapakwepa. Wakati mwingine naona visiki vinalinda samaki kuliko doria.

Sasa nenda Ghuba ya Mexico. Sehemu kubwa ya sakafu yake upande wa Louisiana ni tope na mchanga, na chaza, sponji na matumbawe wanahitaji kitu kigumu cha kushikia. Miguu ya chuma ya mtambo ikikaa majini miaka thelathini inavikwa viumbe hao toka juu hadi chini, na samaki wanafuata. Mwaka 1984 Marekani ikapitisha sheria ya kuruhusu miamba ya kutengenezwa, yaani vitu vinavyozamishwa viwe makazi ya samaki, Louisiana ikaanzisha mpango wake 1986, na hadi leo mitambo zaidi ya 500 imepewa kazi hiyo.

Hawautupi mzima mzima kama wengi humu wanavyodhani. Visima vinazibwa kwa saruji kwanza. Sehemu ya juu yenye mashine, mabomba na makazi ya wafanyakazi inapelekwa nchi kavu. Kinachobaki ni fremu ya miguu. Ama inavutwa hadi eneo lililotengwa, ama inalazwa ubavu palepale, ama inakatwa kichwa ili meli zipite juu yake. Kwa kawaida huachwa nafasi ya kama mita 26 toka usawa wa maji. Kuing'oa kabisa mara nyingi kunatumia baruti kukata miguu chini ya sakafu, na samaki wanaokaa pale wanakufa. Hilo watetezi wa "toa kila kitu" huwa wanaliruka.

Pesa sasa. Kampuni inaokoa gharama kubwa, na kwa kawaida nusu ya ilichookoa inaingia kwenye mfuko wa jimbo. Jimbo nalo linarithi ile fremu na dhamana yake. Hapo ndipo mimi ningembana mwanasheria, maana kampuni ikishaondoka, chuma ni chako milele.

Wataalamu bado wanabishana: fremu inazalisha samaki, au inawakusanya tu waliokuwa wametawanyika? Utafiti wa mitambo ya California uliotoka 2014 uliikuta inazalisha samaki kwa wingi ajabu. Lakini kama ni kuwakusanya halafu boti zote zinajazana hapo, umewarahisishia wavuvi tu. Mtera bila ule usumbufu wa nyavu kunasa, visiki vingekuwa machinjio.

Wazungu wa Bahari ya Kaskazini walikataa. Baada ya kelele za 1995 kuhusu Brent Spar, tangi la Shell lililotaka kuzamishwa Atlantiki, mwaka 1998 walikubaliana mitambo iondolewe, isipokuwa ile mizito sana kwa kibali maalumu. Na kuna Florida walikomwaga matairi kama milioni mbili miaka ya 1970. Kamba zikakatika, matairi yakatawanyika na kugonga matumbawe ya kweli. Kwa hiyo si kila takataka ni mwamba.

Kwetu? Gesi ya bahari kuu iko kwenye kina kirefu mno, hakuna miguu ya kuzamisha. Baadhi ya visima vya Songo Songo viko majini, lakini visiwa vile vina matumbawe yake ya asili tayari. Siku visima hivyo vikikauka, mimi nasema waziondoe chuma zao, halafu hela ya doria ipelekwe kuwakamata wavua baruti.