Kioo kinachopita Kigoma: maswali na majibu

Nilipoandika juu ya vioo vinavyopakiwa bandarini Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda Burundi na Kongo, simu yangu ilijaa ujumbe. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Nimeona jedwali la nchi moja. Mauzo ya nje ya "kioo kilichofanyiwa kazi" yalipanda mara tatu, mwaka uliofuata yakaporomoka. Kiwanda kilifungwa? (Mwalimu, Kasulu)

Si lazima, Mwalimu. Kwenye orodha ya forodha inayotumika karibu dunia nzima, vioo viko sura ya 70. Jedwali lako ni la namba 7006: kioo cha bapa kilichopindwa, kilichosagwa kingo, kilichochongwa au kutobolewa, lakini hakijatiwa fremu. Kioo kitupu cha kisasa, kama kilivyotoka kiwandani, ni 7005. Kilichokazwa kwa joto ni 7007, cha kujitazamia ni 7009. Ukishakitia kwenye fremu ya alumini kikawa dirisha, kimetoka kabisa kwenye sura ya vioo na kuhamia 7610.

Hicho cha 7006 ni chumba kidogo. Kwa nchi yenye mauzo madogo, oda ya hoteli moja inatosha kuubeba mwaka mzima, na mwaka wa pili oda isipokuja, mstari unaanguka. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni: kiwanda kikinunua tanuru la kukaza kioo, bidhaa zake zinahamia 7007. Jedwali la 7006 litaonyesha msiba wakati kiwanda kimekua.

Mimi husoma 7005, 7006 na 7007 pamoja, kwa miaka mitano au zaidi, na siachi safu ya kilo. Dola zikipanda huku kilo zimesimama, ama bei imepanda ama kazi iliyofanywa juu ya kioo imeongezeka. Mwaka 2022 gesi ilipopanda bei Ulaya, kioo nacho kilipanda, kwa sababu tanuru hula gesi usiku na mchana.

Mbona takwimu za muuzaji na za mnunuzi hazifanani? (Wakala wa forodha, Kibirizi)

Muuzaji huandika thamani ya mzigo bila nauli ya safari na bima. Mnunuzi kwa kawaida hujumlisha vyote. Halafu kuna mzigo wa mpito. Kioo cha China kilichoshuka Dar es Salaam kikielekea Bujumbura si mauzo yetu, hata kama vijana wetu ndio waliokibeba gatini.

Shikamoo mjomba. Mimi fundi alumini, Mwanga. Warundi wananunua vioo kwangu. Nami nahesabiwa muuzaji wa nje? (Fundi)

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike leo.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kioo cha bapa Mkuranga, mkoani Pwani. Viwanda vya aina hii humwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea na kunyooka chenyewe. Ni ufundi uliotangazwa Uingereza na kampuni ya Pilkington mwaka 1959. Tanuru lake haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Likishawaka huenda zaidi ya miaka kumi mfululizo. Kwa hiyo kioo kinatoka kila siku, soko la ndani likitaka lisitake, na lazima kipate mlango wa kutokea. Mmoja wa milango hiyo ni Kigoma yetu.

Kinachoniuma ni kuona mabapa mazima yakivuka ziwa kama yalivyokuja. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 4 ina uzito wa kilo 10, ikiwa imekatwa au haijakatwa. Nauli ni ileile, lakini kipande kilichopimwa, kikasagwa kingo na kutobolewa matundu ya bawaba kinalipwa kwa kazi pia. Kazi hiyo wewe unaiweza.

Kuhesabiwa, utahesabiwa mzigo ukipita forodha na karatasi zake. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, kuna utaratibu mwepesi wa cheti cha asili ya bidhaa. Waulize maafisa wa forodha mpakani Manyovu. Ila tunza ankara ya ulikonunua. Kukata tu kwa almasi kioo kilichotoka China hakukifanyi kuwa cha Tanzania.

Naweza kutoboa kioo kilichokwisha kukazwa? (Ujiji)

Hapana. Kitasambaratika chote kama punje za mahindi. Pima, kata, saga na toboa kwanza, ndipo kikakazwe.

Nabeba vioo kwa pikapu kwenda Manyovu. Vinafika vimepasuka, na masika vinaota madoa meupe. (Mama mfanyabiashara)

Pole, mama. Usivilaze. Vilazwapo, kila shimo la barabara linavipinda katikati. Vifunge vikiwa vimesimama, vimeegemea kidogo kwenye fremu ya mbao yenye mpira chini, visichezecheze. Madoa yanatokana na maji yaliyonaswa kati ya kioo na kioo: hunyonya magadi yaliyomo kwenye kioo, na magadi hayo hurudi kula uso wake. Tia karatasi kavu katikati na funika turubai. Vikilowa, vitenganishe na kuvifuta siku hiyohiyo, kwa sababu doa likikomaa halitoki kwa sabuni.